Sifa kwa mpingo, kazi kwa jani: tuisikilize zumari upya

Taja ala za kupuliza mbele ya Watanzania kumi, kisha subiri kidogo. Mmoja wao atasema mpingo. Na hajakosea. Klarineti na obo nyingi zinazopigwa kwenye okestra za Ulaya na Marekani zimechongwa kwa mti huu, na mbao zake kwa sehemu kubwa hutoka Tanzania na Msumbiji. Ni habari ya kujivunia. Ila habari hiyo imezaa nyingine, ambayo utaikuta kwa waongoza watalii, redioni na mitandaoni: eti utamu wa klarineti ni sauti ya mpingo wenyewe, eti mti ndio unaoimba, na ala isiyo ya mpingo ni ya daraja la pili.

Hapo ndipo tunapotaka kubishana nawe kidogo, msomaji. Hatuna ugomvi na mpingo. Tatizo ni kwamba tumeusifu mti mpaka masikio yetu yamezibwa, na ala mojawapo ya pwani yetu imekaa pembeni ikihukumiwa kwa sheria zisizo zake. Ala hiyo ni zumari.

Kinachoimba ni hewa

Tuanze na fizikia, maana ndiyo kazi yetu hapa.

Kwenye marimba ya mbao, ubao wenyewe hutetemeka. Ukiubadilisha ubao, umebadilisha sauti. Hapo aina ya mti ni jambo kubwa. Kwenye ala ya kupuliza, kinachotetemeka hasa ni hewa iliyomo ndani ya bomba. Mbao ni ukuta wa chumba tu. Unaizuia hewa isitoke hovyo na kuipa umbo.

Swali hili lilishapimwa. Mwaka 1964 mwanafizikia John Backus alipima mtetemo wa kuta za klarineti, akaona ni mdogo mno kuweza kuchangia sauti anayoisikia mtu. Mwaka 1971 John Coltman, naye wa Marekani, alitengeneza filimbi tatu zenye vipimo sawa vya ndani: moja ya mbao, moja ya fedha, moja ya shaba. Akazipiga bila wasikilizaji kuziona. Walishindwa kuzitofautisha. Hata wapigaji wenyewe, walipozuiwa wasihisi uzito na ubaridi wa ala mkononi, walishindwa kutambua wanapiga ipi.

Sasa utauliza: kama ni hivyo, kwa nini mafundi wa Ufaransa wahangaike kuagiza mbao kutoka Lindi na Ruvuma? Sababu ipo, na ni nzuri. Mpingo ni mzito kiasi kwamba unazama majini. Nyuzi zake zimeshikana, una mafuta ya asili, hauvimbi kirahisi unapolowa pumzi na mate. Ukiutoboa, tundu linabaki na ukingo safi. Ukiuchonga kwa kipimo fulani leo, kipimo hicho kitakuwapo pia mwakani. Yaani mpingo ni hodari wa kutunza umbo. Umbo ndilo linaloamua sauti: upana wa bomba, jinsi linavyotanuka, mahali pa matundu na ukubwa wake.

Kwa hiyo dai la kwamba mti ndio unaoimba halisimami. Na likianguka, tunalazimika kuuliza swali la maana zaidi: kama si ukuta, ni sehemu gani ya ala inayoamua jinsi wimbo unavyokwenda? Unapoanzia, unapovutwa, unapokatwa, unapoishia? Kwa maneno mengine, nani anatunga sentensi ya muziki?

Ala yenye viungo vinne

Zumari, au nzumari kama wengi wanavyoita, ni ndugu wa zurna ya Uturuki, mizmar ya Uarabuni na shehnai ya India. Jina lenyewe limetoka kwenye Kiarabu. Pwani yetu inapigwa kuanzia Lamu na Mombasa, kwa Wadigo, mpaka Unguja na Pemba. Iko kwenye kirumbizi, ule mchezo wa fimbo. Iko kwenye chakacha na kwenye sengenya. Na popote ilipo ina ngoma pembeni yake. Hilo la ngoma likumbuke, tutalirudia.

Ukiifungua utakuta vitu vinne. Kwanza ni mwili wa mbao, mwembamba juu na mpana chini, mfano wa koni. Pili ni mrija mdogo wa chuma au bati unaoingia juu ya mwili huo. Tatu ni kisahani kilichopenywa na mrija, kikikaa mbele ya midomo. Kinaweza kukatwa kwenye kifuu cha nazi, bati au kitu kingine kigumu. Nne, kwenye ncha ya mrija, ni jani: kipande cha jani kavu la mti wa jamii ya mnazi, kilichokunjwa na kufungwa uzi ili ncha zake mbili zitazamane, zikiwa zimeachana kwa upenyo mwembamba sana.

Ukipuliza, zile ncha mbili hugongana na kuachana mara mamia kwa sekunde. Hewa huingia bombani kwa vipigo vidogovidogo, bomba huchagua kasi ya vipigo hivyo kulingana na urefu wake, na hapo noti imezaliwa.

Kati ya vitu hivyo vinne, mbao ndiyo inayoweza kubadilishwa kwa hasara ndogo kuliko vyote. Chonga umbo lilelile kwa mti mwingine mgumu, zumari itabaki zumari. Lakini toa kisahani, au weka jani la unene tofauti, uone. Utapata muziki mwingine kabisa, hata kama mpigaji ni yuleyule.

Tunaishi na kuandika tukiitazama Bagamoyo, hasa upande wa Makurunge, kwenye njia ya kwenda Saadani. Huku jani la mnazi halina bei. Kifuu kinatupwa jalalani. Vitu viwili vinavyoamua kila kitu kwenye zumari ndivyo ambavyo hakuna anayeviandikia habari.

Sasa tuchukue lawama tatu ambazo zumari hutupiwa, tuone kila moja inatoka wapi.

Lawama ya kwanza: "Haipumziki"

Mgeni anayesikiliza zumari mara ya kwanza mara nyingi husema hivi: inalia tu, haina nukta wala mkato. Waimbaji hupumua, hata mpiga filimbi hupumua. Huyu mbona hapumui?

Anapumua, ila wewe husikii.

Linganisha na filimbi. Mpiga filimbi hupuliza kwenye ukingo wa tundu lililo wazi, na hewa nyingi humwagika nje. Kwa noti za chini, presha ya mdomoni inaweza kuwa chini ya kilopaskali 1. Ni ndogo, lakini hewa inayopotea ni nyingi. Mapafu huisha upesi. Ndiyo maana sentensi ya filimbi ina urefu wa pumzi moja. Kila baada ya muda sauti inakatika, na mtunzi mwenye akili huweka nukta yake hapohapo.

Kwenye ala ya jani mambo hugeuka. Upenyo ni mwembamba, hewa inayopita ni kidogo, ila lazima isukumwe kwa nguvu. Kwa obo, ndugu wa zumari aliyekulia Ulaya, presha mdomoni mara nyingi huzidi kilopaskali 4. Wapiga obo wanalo tatizo ambalo mpiga filimbi halijui kamwe: wanafika mwisho wa sentensi kifua kikiwa bado kimejaa hewa iliyochoka, inabidi kwanza waitoe ndipo wavute nyingine.

Hapo ndipo kisahani kinapoingia. Mpiga zumari hubana midomo kwenye kisahani, na jani lote linabaki ndani ya mdomo bila kuguswa. Mdomo unageuka kuwa chumba cha hewa. Mashavu yanajaa kama puto. Pumzi ikikaribia kuisha, anaziba koo kwa nyuma ya ulimi, anasukuma hewa ya mashavuni, na papo hapo anavuta nyingine puani. Kwa kuwa jani linakula hewa kidogo, ile akiba ndogo ya mashavuni inatosha kwa kile kitambo. Jaribu hivyo kwa filimbi uone shughuli: wapo wanaoweza, lakini akiba huisha kabla hujafumba macho.

Kwa hiyo mstari usiokatika wa zumari umejengwa ndani ya jani na kisahani. Mpigaji hakuusahau mkato. Ala yake haimlazimishi kukata mahali mapafu yanapotaka.

Lawama ya pili: "Sauti ni ileile, haina hisia"

Wanaosema hivi wana maana kwamba zumari haishuki ikanong'ona, kisha ikapanda ikalia. Ni kweli. Na sababu ni ileile ya midomo.

Mpiga klarineti au obo hulishika jani kwa midomo. Akilibana kidogo, sauti inakuwa laini, akiliachia, inafunguka. Pia hugusa jani kwa ncha ya ulimi ili kutenganisha noti na noti: ta-ta-ta. Mpiga zumari amevikabidhi vyote viwili kwa kisahani. Jani lake linatetemeka huru. Akipunguza presha sana, linanyamaza. Akizidisha, noti inayumba au inarukia oktava ya juu. Nafasi ya kupandisha na kushusha sauti ni finyu. Na kukata noti kwa ulimi wakati mashavu yanasukuma hewa ni kujitafutia matatizo.

Basi hisia inakwenda wapi? Inakwenda vidoleni.

Sikiliza vizuri noti moja inaporudiwa mara mbili. Ulimi hauwezi kuzitenganisha, hivyo kidole kinafanya kazi hiyo: kinapiga tundu kwa kasi, na katikati ya noti mbili zinazofanana inapita noti ndogo sana, kama kibanzi. Wapiga zumari ya mfuko wa Uskoti hufanya hivyohivyo, kwa sababu hiyohiyo: mfuko wao haukati hewa. Ile migongo, mitetemo na vikorombwezo unavyovisikia kwenye zumari si mapambo yaliyobandikwa juu ya wimbo. Ndiyo konsonanti zake. Ukizitoa, zinabaki irabu tupu, na hapo kweli ningekubali kwamba haisemi kitu.

Mpigaji hodari hutumia mapambo hayohayo kuficha pumzi. Hewa inapohama kutoka kifuani kwenda mashavuni, presha huelekea kuyumba, na noti iliyonyooka itakusaliti. Basi anavuta pumzi katikati ya mtetemo wa vidole, ambapo sikio lako lina shughuli nyingine.

Lawama ya tatu: "Haiko kwenye tyuni"

Hii hutoka kwa watu wa studio. Wanaipima zumari kwa kinanda, wanakuta noti zinaangukia katikati ya vibonyezo.

Klarineti ya leo ina vibonyezo vya chuma vinavyofunga matundu mengi mpaka mwisho. Hilo lilipatikana kwa kazi kubwa ya ufundi Ulaya katika karne ya 19, na faida yake ni noti zenye mipaka safi. Zumari ina matundu wazi na nyama ya vidole. Kidole kinaweza kufungua tundu nusu, robo, au kuliachia polepole, na noti ikateleza kutoka hapa kwenda pale kama sauti ya mtu anayeita kutoka mbali. Mpangilio wa matundu nao unafuata mkono na nyimbo za mahali, haufuati kinanda.

Kuna na jani. Likiwa kavu ni gumu na noti hupanda. Likilowa mate hulegea na noti hushuka. Mpigaji analilowesha kabla ya kuanza, analisogeza kidogo kwenye mrija, analijaribu, analikata ncha. Ndiyo maana unamwona akihangaika nalo wakati ngoma zinapashwa moto. Zote mbili, ngozi ya ngoma na jani la zumari, zinabishana na unyevu wa pwani kabla ya shughuli.

Kupima tyuni ni haki ya mtu wa studio. Ila atofautishe noti iliyopotea njia na noti iliyopelekwa pale kwa makusudi.

Nukta iko wapi?

Kama pumzi haiweki nukta, sentensi inaishaje? Rudi kwenye ngoma.

Zumari haina haja ya kujikata yenyewe kwa sababu haipigi peke yake. Ngoma inapogeuka, mstari unageuka nao. Mpigaji anazunguka, anapanda, anateleza, kisha anashuka kwenye noti moja anayoirudia kila mara, ya nyumbani, na kuishikilia. Hapo ndipo penye nukta. Haisemwi kwa ukimya, inasemwa kwa kurudi. Na urefu wa sentensi unaamuliwa na miguu ya wachezaji kuliko mapafu ya mtu mmoja. Kwenye kirumbizi, fimbo zinapokutana, huwezi kumwambia mpigaji anyamaze avute pumzi.

Ukiisikiliza zumari kwa kutafuta ukimya, utaona fujo. Itafute kwa noti ya nyumbani, utaanza kuhesabu sentensi.

Hasara tunayoiona

Haya yote yangekuwa maneno ya kujifurahisha tu kama hakuna kinachopotea. Kinapotea.

Kwanza, kinanda cha umeme. Kina kibonyezo cha sauti ya ala ya namna hii, na shughuli nyingi za pwani sasa zinakitumia. Tuwe wakweli: ni rahisi, mtu mmoja anafanya kazi ya watu watano, na mwenye harusi ana bajeti. Lakini kinanda kimenakili rangi ya sauti na kuiacha sentensi. Kila kibonyezo kinaanzisha noti upya na kuikata kidole kikiinuka. Muziki unaotoka ni wa vibonyezo uliovishwa kanzu ya zumari. Mtoto anayekua akisikia hiyo pekee atajua rangi, na sarufi hataijua.

Pili, jukwaa. Zumari ni koni yenye mdomo mpana, imeundwa kusikika uwanjani juu ya ngoma bila umeme. Ukiiwekea kipaza sauti mdomoni itaumiza masikio, fundi mitambo ataishusha, na ngoma zitaifunika. Ukiipa dakika nne kati ya wasanii wengine wawili, umeikata kabla haijarudi nyumbani mara ya tatu. Kisha hadhira inaondoka ikisema ni ala ya kelele. Tiba haina gharama: kipaza sauti kisimame mbali, pembeni, na muda uongezwe.

Tatu, na hili ndilo zito, ni fedheha ya mgawanyo wa sifa. Mpingo una watetezi, na tunashukuru. Vijiji vya Kilwa, kupitia shirika la MCDI, vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC kwa misitu yao ya asili, ili mti uvunwe kwa mpango na kijiji kipate haki yake. Hiyo ni kazi njema, na iendelee. Mpingo huchukua makumi ya miaka kukomaa. Lakini kuhifadhi mti si kuhifadhi muziki. Unaweza ukawa na msitu mzima wa mpingo na usiwe na mtu hata mmoja anayejua jani likatwe upande gani, likaushwe kiasi gani, uzi ubane wapi, na upenyo uachwe kiasi gani ili mashavu yamudu. Ujuzi huo uko mikononi mwa watu wachache, wengi wao watu wazima, na mche wake haupandwi kwenye kitalu.

Mtu anaweza kutuuliza: kwani mnataka kusema mbao haina kazi kabisa? Hapana. Mbao mbovu hupasuka, tundu lenye ukingo uliochakaa huharibu noti, na mpigaji anayependa uzito wa ala yake hupiga kwa kujiamini. Tunachokataa ni kuupa ukuta sifa ya mlango.

Na Bagamoyo ina bahati isiyo ya kawaida: kuna chuo cha sanaa, TaSUBa, kinachofundisha ngoma na muziki wa jadi, na kuna minazi mpaka mlangoni. Mwanafunzi wa fizikia na mwanafunzi wa muziki wakikaa meza moja na mzee mmoja anayejua jani, wakapima unene, upenyo na presha, ujuzi ule utapata maandishi yake ya kwanza ambayo mtoto wa Makurunge anaweza kuyafuata.

Jaribu mwenyewe

Usituamini kwa maneno. Chukua mrija wa soda wa plastiki. Bana ncha moja iwe bapa, ikate pande zote mbili ibaki kama mkuki. Iingize yote mdomoni, midomo ikae nyuma ya mkato isiguse ncha, kisha puliza kwa nguvu. Mara ya kwanza huenda usipate kitu. Laini ncha kwa kidole na urudie. Mrija wa sentimita 20 utakupa noti ya karibu herzi 400. Ukate katikati huku unapuliza, usikie inavyoruka juu. Viringisha karatasi iwe koni uichomeke mwishoni, sauti itatoka mpaka kwa jirani. Plastiki na karatasi, na hakuna mpingo hata unyuzi.

Kama umekulia penye minazi, huenda tayari ulishafanya hivi bila fizikia: jani la mnazi lililoviringishwa kuwa koni na kupulizwa upande mwembamba mpaka wakubwa wakakufukuza.

Sasa kata kadi ngumu iwe duara, itoboe, ivishe kwenye mrija, bana midomo hapo na ujaze mashavu. Jaribu kuvuta pumzi puani bila noti kukatika. Ukiona kazi ni ngumu, anza na glasi ya maji na mrija mwingine: toa mapovu mfululizo huku unavuta puani, mpaka mapovu yasikatike.

Ukifika hapo, tafuta rekodi ya zumari ya pwani, ya kirumbizi ukiipata, uisikilize dakika kumi bila kuruka. Hesabu mara ngapi inarudi nyumbani. Kisha tuandikie umepata ngapi.